Kipupwe cha Ngorongoro: Afya na Moyo Chini ya Wingu

Kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti, nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro hukaa katika kipupwe. Asubuhi wingu huwa limelala juu ya mashamba ya Rhotia na Oldeani, manyunyu hudondoka bila kufikia kuitwa mvua, na kwenye ukingo wa kreta ukungu hufunga njia kiasi cha dereva kuwasha taa saa tatu asubuhi. Miezi hiyo hiyo ndiyo watalii hufurika, kwa sababu masika yamekwisha, njia za kreta zinapitika na shule za Ulaya zimefungwa. Hivyo baridi hiyo huwakuta watu wa namna mbili: wenyeji, walioirithi pamoja na desturi za kuikabili, na wageni, wakiwamo Watanzania wa pwani, wanaofika na shati jepesi wakidhani hifadhi ya wanyama haiwezi kuwa na baridi. Siku ya kwanza mgeni hucheka na kupiga picha za ukungu. Siku ya tatu huanza kunyamaza mezani.

Unyamavu huo una sababu zake, na ya kwanza kuchunguzwa ni giza lenyewe. Ngorongoro iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Juni 21, siku yenye mchana mfupi kuliko zote za mwaka, jua huchomoza Karatu yapata saa 12:40 asubuhi na kuzama muda kama huo jioni. Desemba mchana hurefuka, lakini kwa dakika zisizofika 25. Hilo si badiliko la kumuumiza mtu. London, mchana wa mwisho wa Desemba haufiki saa 8. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kipupwe cha Karatu, kwa hiyo, hakina usiku mrefu. Mchana upo kamili. Kinachopungua ni mwanga unaofika chini, na kinachouzuia ni wingu.

Wingu hilo huletwa na kusi. Upepo huo huvuma kutoka kusini-mashariki, ukibeba unyevu wa Bahari ya Hindi, na unapofika bara hukutana na milima iliyotokana na volkano: Oldeani, Lolmalasin yenye urefu unaozidi mita 3,600, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro wenyewe. Hewa ikipandishwa na mlima hupoa, kwa wastani wa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000, na unyevu wake hugeuka matone. Ndiyo maana miteremko ya mashariki na kusini ina msitu mnene unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ilhali upande wa pili, kuelekea Oldupai, nchi ni kavu, ina vumbi na haifikii milimita 600. Hata mvua isiponyesha, miti ya ukingoni huvuna maji kutoka kwenye ukungu: matone hunata kwenye majani na kwenye kuvu-mwani zinazoning'inia matawini kama ndevu, kisha hudondoka ardhini. Vijito vinavyotoka msituni humo hunywesha mashamba ya Karatu, na chemchemi za Mang'ola, zinazostawisha vitunguu maarufu hadi nje ya nchi, nazo hulishwa na milima hiyo. Anayelalamikia ukungu akumbuke kwamba analalamikia bomba la maji la wilaya nzima.

Kwa msafiri, jambo la maana zaidi katika maelezo hayo ni kwamba wingu lina kimo. Halifuniki nchi yote. Limekaa juu ya tabaka fulani la mlima. Safari kutoka Arusha hulionyesha vizuri. Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ni mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na hata Julai watu huuza ndizi nyekundu kandokando ya barabara wakiwa wamevaa fulana. Gari likimaliza kupanda ukuta huo na kupita Rhotia, madirisha hufungwa. Karatu mjini ni mita 1,500. Asubuhi anga ni la kijivu, lakini siku nyingi wingu huanza kuchanika kati ya saa nne na saa sita mchana. Baada ya lango la Lodoare barabara huingia msituni na kupanda kwa kona hadi ukingoni, kati ya mita 2,200 na 2,400, na hapo ndipo msafiri huwa ndani ya wingu lenyewe. Kwenye kituo cha kutazamia kreta, mahali ambapo siku ya jua mtu huona nchi ya kilomita za mraba 260 imetandazwa chini yake, asubuhi ya kipupwe huona ukuta mweupe na kusikia wenzake wakiulizana kama wamefika kweli.

Sakafu ya kreta iko mita 600 chini ya hapo. Mara nyingi gari linaposhuka kwa njia ya Seneto, upande wa magharibi, hutoka chini ya wingu kabla ya kumaliza mteremko: joto huongezeka, nyasi huonekana za rangi ya dhahabu, na Ziwa Magadi hung'aa kwa mbali. Hapa Ngorongoro, basi, mtu hatafuti jua kwa kupanda mlima. Hulifuata chini, au magharibi. Anayeendelea na barabara ya Serengeti huweza kutoka kwenye manyunyu na kuingia kwenye mwanga mkali ndani ya nusu saa, mara tu apitapo bonde la Malanja. Madereva wazoefu hulijua hili, nao hawabishani na mgeni aliyekunja uso ukingoni. Humwambia angoje afike chini.

Mwanga huo si suala la picha nzuri tu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walichapisha maelezo ya hali ambayo tangu hapo imechunguzwa sana: huzuni inayorudi kila majira ya baridi, ikiambatana na usingizi mwingi, uchovu na hamu kubwa ya wanga, kisha kuondoka majira ya joto yanapoingia. Watafiti huihusisha na saa ya ndani ya mwili, ambayo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Mwanga ukikosekana, saa hiyo huchelewa, na homoni ya usingizi huendelea kumwagwa wakati mtu anatakiwa awe macho. Tiba iliyotokana na uchunguzi huo ni taa kali yenye nguvu ya laksi 10,000, ambayo mgonjwa hukaa mbele yake kwa nusu saa kila asubuhi.

Mtu wa Karatu hahitaji taa hiyo, na kipimo chenyewe ndicho kinachoeleza kwa nini. Sebule yenye balbu ya kawaida hutoa laksi mia moja hadi mia tatu hivi. Nje, hata chini ya wingu zito, mwanga hupita laksi 1,000, na wingu likiwa jepesi hufikia hizo 10,000 za taa ya hospitali. Macho ya binadamu huzoea haraka, na kwa hiyo hutudanganya: sebule huonekana ina mwanga wa kutosha, na uwanja wenye ukungu huonekana giza, ingawa uwanja ni angavu mara kadhaa. Kosa la kawaida la mgeni wa kipupwe ni kujifungia lojini karibu na moto hadi wingu liondoke. Angepata nafuu zaidi kwa kutembea nje nusu saa akiwa amevaa koti, hata kama haoni kitu.

Ushahidi mwingine unatoka wilaya hii hii ya Karatu. Kando ya Ziwa Eyasi, mwendo mfupi kutoka Mang'ola, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado huendesha maisha kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Mwaka 2015 kundi la watafiti, akiwamo Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilitoa matokeo ya kupima usingizi wa Wahadzabe, wa Wasan wa kusini mwa Afrika na wa Watsimane wa Bolivia. Hawakulala jua lilipozama kama wengi walivyodhani. Kwa wastani walikaa macho zaidi ya saa tatu baada ya giza kuingia, na waliamka wakati wa baridi kali ya mwisho wa usiku. Mwanga mwingi kuliko wote waliupata asubuhi, kwa kuwa mchana wa jua kali walikaa kivulini. Wasan na Watsimane, wanaoishi mbali zaidi na ikweta, walilala karibu saa nzima zaidi majira ya baridi. Kulala mapema kidogo wakati wa kipupwe si uvivu, basi. Mwili una desturi hiyo. Linaloharibu ni kulala mpaka saa tatu asubuhi na kuukosa mwanga wa kwanza.

Kuhusu vitamini D, inayotengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na kukuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Ulaya, watu wengi hushuka chini ya 50 mwishoni mwa majira ya baridi. Majuma machache ya mawingu hayawezi kumaliza akiba ya mtu anayeishi karibu na ikweta, kwa hiyo vidonge vinavyouzwa kwa hofu ya kipupwe ni hasara ya fedha kwa wengi.

Baridi yenyewe ni sura nyingine. Usiku ukingoni hushuka chini ya nyuzi 10, na baadhi ya siku hukaribia sifuri. Karatu mjini ni afadhali kidogo. Kila jamii ya hapa ilikuwa na jibu. Wairaqw, ambao asili yao ni milima ya Mbulu, zamani walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa likiwa limefunikwa udongo, na mifugo ililala ndani pamoja na watu. Nyumba hizo ziliwaficha wasionekane na wavamizi, lakini pia zilihifadhi joto, maana udongo haupoi haraka na ng'ombe ni moto usiohitaji kuni. Wamasai hujenga nyumba za chini zenye mlango uliopinda ili upepo usiingie moja kwa moja, na hutia kinyesi cha ng'ombe kutani hadi nyufa zizibe. Gharama yake ni moshi: macho mekundu na kikohozi cha watoto na kina mama wanaokaa karibu na mafiga.

Nyumba za siku hizi za Karatu, za tofali na bati, hazina hekima hiyo. Bati hupoa mara jua linapozama, na ukuta mwembamba haushiki joto. Ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na hapo kipupwe hugeuka hatari ya kweli. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara mia mbili na ushee. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, halafu haamki. Jiko lisilotoa moshi ndilo linalodanganya zaidi, kwani mkaa uliokolea huonekana safi. Kanuni ni moja, haina nafuu kwa tajiri wala maskini, kwa mwenye nyumba wala mpiga kambi ndani ya hema: jiko liishie nje au jikoni penye hewa, na kabla ya kulala litolewe kabisa. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukitaka joto kitandani, jaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, kama zinavyofanya loji nyingi za ukingoni, zinazoitanguliza chini ya blanketi kabla mgeni hajaingia.

Nguo hazihitaji maelezo marefu. Nguo nyingi nyembamba zilizopandana hushinda koti moja zito, kwa sababu asubuhi ya ukingoni na adhuhuri ya kreta hutofautiana sana ndani ya siku moja. Mzula, soksi za sufu na koti lisilopitisha maji hupatikana mnadani Karatu kwenye marobota ya mitumba kwa bei ya kahawa mbili za lojini. Shuka la Kimasai ni zuri, lakini likilowa huwa mzigo. Wamasai wenyewe siku hizi huvaa blanketi nzito juu yake na hawaoni haya kuongeza sweta chini.

Chakula cha majira haya ni cha kuchemka muda mrefu: makande ya mahindi na maharage, supu ya mifupa, uji, viazi. Wamasai huchemsha supu ya nyama pamoja na magome na mizizi, mojawapo ikiwa olkiloriti, nao huiamini kwa nguvu na kwa tumbo. Chai ya tangawizi ni rafiki wa kila mtu. Kahawa ipo, tena ya hapo hapo, kwa kuwa miteremko ya Oldeani imekuwa na mashamba yake tangu walowezi wa Kijerumani walipoyafungua katika miaka ya 1920. Ubaya wake ni kwamba ikinywewa jioni huharibu usingizi ule ule unaotafutwa. Pombe ni ahadi ya uongo zaidi. Hutanua mishipa ya ngozi, mtu husikia joto usoni, kumbe joto la ndani linakimbilia nje. Aliyelewa na kulala nje usiku wa Julai Karatu yumo hatarini.

Hata hivyo, mwanga, moto na makande havielezi kwa nini wenyeji hawaonekani kunyong'onyea miezi hii. Jibu liko kwenye kalenda ya kazi. Ulaya, majira ya baridi hukuta shamba limekufa na mkulima yuko ndani. Karatu kipupwe ndicho kipindi cha mavuno. Mahindi hukatwa na kupukuchuliwa, maharage hupigwa, na kahawa huanza kuiva. Vibarua huenda shambani kabla ukungu haujainuka, kwa makundi, wakitaniana njia nzima. Baada ya mavuno fedha huwa mkononi, na sherehe hufuatana: Sabasaba Julai 7, Nanenane Agosti 8, harusi, kipaimara, mazoezi ya kwaya jioni. Mtu huwa nje, anatembea, ana wenzake na ana sababu ya kuamka. Kwa maoni ya mwandishi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Vingine ni viungo. Hata salamu zina kazi yake: "poleni na baridi" husemwa kwa kila mpita njia, na mwenye moyo mzito hulazimika kuitikia mara kumi kabla ya kufika dukani.

Mgeni hana shamba la kuvuna, lakini hakatazwi kutembea. Msitu unaopakana na mashamba juu ya Karatu una njia ya miguu inayofuata bonde hadi kwenye mapango yaliyochimbwa na tembo wanaotafuta udongo wenye chumvi, na safari hiyo, ikifanywa pamoja na askari wa hifadhi kama sheria inavyotaka, hupendeza zaidi kukiwa na ubaridi. Baiskeli hukodishwa mjini. Vijiwe vya kahawa vipo, na anayekaribia kwa shikamoo hupewa nafasi kwenye benchi.

Mafua na vikohozi huongezeka kwa sababu watu hubanana ndani wakiwa wamefunga madirisha, wala si kwa sababu ukungu umewaingia kifuani kama inavyosemwa. Mtoto anayepumua kwa haraka na kwa shida apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Karatu ipo ya Kilutheri, na ndani ya hifadhi ipo ya Endulen. Huzuni nayo ina mpaka wake. Uzito wa siku mbili tatu huondoka na jua. Mtu akikosa raha mfululizo kwa majuma mawili, hali, halali au analala kupita kiasi, na kazi zimemshinda, huo ni ugonjwa wa kutibiwa kama mwingine, na kumwambia ajikaze ni kumwongezea mzigo.

Waafrika Mashariki waliohamia Stockholm, Toronto au Minneapolis hukutana na giza la namna nyingine, kwani huko mchana wenyewe hufupishwa. Yaliyo na faida kwenye ukingo wa kreta huwafaa hata huko, kwa kipimo kikubwa zaidi: kutoka nje asubuhi kabla ya kazi, kutumia taa kali pale inapobidi, kupima vitamini D badala ya kukisia, na kutokaa peke yao mwisho wa juma. Wengi wao hawaitambui hali hiyo kwa sababu nyumbani haina historia. Hudhani ni upweke tu, au wamerogwa.

Anayepanga kwenda Ngorongoro kati ya Juni na Agosti asiahirishe. Wanyama wako kretani mwaka mzima, na vumbi ni dogo kuliko Septemba. Ila kama anajijua kwamba mawingu humkosesha raha, asilale ukingoni, hata apewe chumba chenye dirisha la kutazama kreta, kwa kuwa asubuhi nyingi dirisha hilo halitamwonyesha kitu. Alale Karatu, afike lango la Lodoare linapofunguliwa saa 12 asubuhi, apite ukungu bila kusimama, na ashuke.